Vipuri Vipya, Santuri Zilezile: Goldring-Lenco GL75 Yafufuka Kolo

Inaimba! Naanza na hilo kwa sababu ndilo alilolisubiri kila aliyeahidiwa kwamba mashine hii itarudi kazini. Goldring-Lenco GL75, mashine ya santuri iliyotengenezwa Uswisi na kuanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1960, iko juu ya meza sebuleni kwa mwalimu mstaafu hapa Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa, na inazungusha santuri kwa utulivu ambao naamini hata kiwandani haikutoka nao. Naam, kiwandani! Maana vipuri vyake vilivyooza havikuagizwa Ulaya. Vimekerezwa, vimechongwa na kukatwa upya hapa hapa ukanda wa kati: nailoni, mpira, ngozi, mninga, mpingo na kipande cha matale. Huu ni mtazamo wa kwanza tu, mashine haijamaliza hata msimu mmoja wa vumbi, lakini niliyoyasikia yamenitosha kuchukua kalamu kabla sijatulia.

Kwa anayefika mara ya kwanza, Kolo ni kijiji kilicho kwenye barabara kuu ya Dodoma kwenda Babati, katika vilima vya Irangi. Dunia inakifahamu kwa michoro ya miambani, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na wageni wengi husimama hapa kuchukua mwongozaji, wakapanda milimani, wakaondoka. Mimi nilisimama kwa ajili ya mkono wa chuma, kigurudumu cha mpira na sinia linalozunguka. Sijutii hata kidogo.

Kwa nini mashine hii na si nyingine

Yapo majina yenye sifa kubwa zaidi. Garrard 301 ya Uingereza, iliyotoka 1954, leo hugombewa na wakusanyaji kwa bei ya kutisha. Thorens TD 124 ya 1957 nayo imekwenda mbali na mfuko wa mtu wa kawaida. Technics SL-1200 ya Japani, ya mwaka 1972, ikaja kuwa chombo cha ma-DJ wa dunia nzima. Lenco ilishika njia yake. Ni kampuni iliyoanzishwa Burgdorf, Uswisi, mwaka 1946 na Fritz na Marie Laeng, na mashine zake zikauzwa Uingereza na kwingineko kwa jina la pamoja na Goldring. Ililenga sebule ya mtu mwenye mshahara wa kawaida, si studio ya redio.

Lakini tazama walichokifanya ndani yake! Chini ya sinia kuna mota yenye ncha ndefu iliyochongwa kama koni, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Kigurudumu chembamba kilichovishwa mpira kinasimama wima juu ya koni hiyo, kikaegemea koni kwa chini na sinia kwa juu. Mota inazungusha kigurudumu, kigurudumu kinazungusha sinia. Ukisogeza wenzo, kigurudumu kinateleza kuelekea sehemu nene ya koni, mwendo unapanda. Ukikirudisha kwenye sehemu nyembamba, mwendo unashuka. Kuna vituo vinne vilivyowekwa alama, mizunguko 16, 33, 45 na 78 kwa dakika, na kati ya 33 na 78 unaweza kusimama popote unapotaka. Popote!

Hapo ndipo mashine hii inapotufaa sisi kuliko wengine wote. Hazina ya muziki wa Afrika Mashariki imetawanyika katika mwendo wa kila aina. Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa HMV, sauti yake iliwekwa kwenye santuri za shelaki za mizunguko 78, zenye muda wa dakika tatu hivi kila upande. Bendi za jazi za miaka ya 1960 na 1970, kuanzia Cuban Marimba ya Salum Abdallah hadi Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, zilitufikia zaidi kwa santuri ndogo za mizunguko 45. Kisha zikaja santuri kubwa za mizunguko 33. Mashine nyingi mpya zinazouzwa siku hizi hazina kabisa mwendo wa 78. GL75 inao, tena inakuruhusu kuurekebisha, jambo la lazima kwa santuri za zamani ambazo mara nyingi hazikurekodiwa kwa mizunguko 78 kamili. Ukitaka kusikia sauti ya mwimbaji ikiwa katika kimo chake cha haki, unasogeza wenzo kwa unywele tu, na hiyo hapo!

Kilichokuwa kimekufa

Mwalimu aliinunua mashine hii ikiwa tayari imetumika, akaitunza, kisha ikamshinda. Maradhi yake ndiyo maradhi ya GL75 zote duniani, kwa hiyo msomaji mwenye mashine ya jamii hii asikilize kwa makini.

La kwanza ni vishikizo vya mkono. Mkono unaobeba sindano umekaa juu ya makali mawili ya chuma, na makali hayo yanapumzika ndani ya vipande viwili vidogo vya mpira vyenye mfuo wa umbo la herufi V. Mpira ule haudumu. Miaka ikipita unakuwa kama ugali uliokauka, unapasuka, unamomonyoka, na mkono unabaki unayumba. Sindano haiwezi kusoma mfuo wa santuri ikiwa mkono wenyewe hauna mahali pa kusimama.

La pili ni kigurudumu. Mashine ikizimwa bila wenzo kuachiwa, mpira unabaki umebanwa sehemu moja na kufanya bapa. Kila bapa likipita kwenye sinia linagonga, na kugonga huko unakusikia kwenye spika kama mngurumo wa chini chini usiokwisha. La tatu ni mhimili wa sinia uliokauka mafuta. La nne ni kasha la asili, jepesi mno, linalopokea mtetemo wa mota na kuusambaza hadi kwenye sindano.

Vipuri vya kununua vipo Ulaya. Lakini gharama yake, pamoja na usafirishaji na ushuru, ingemeza pensheni. Uamuzi ukawa kuvitengeneza kwa kupimiwa, na hapo ndipo habari yenyewe inapoanza.

Vishikizo vya nailoni: kipuri kidogo, miujiza mikubwa

Kila mji wa Tanzania wenye magari ya mizigo una karakana ya kukereza, na kila karakana ya kukereza ina fimbo za nailoni. Ndizo zinazokerezwa bushi za magari yanayopigwa na barabara mbovu. Fundi mkereza vyuma alipewa mabaki ya mpira wa asili ndani ya bahasha, akayapima kwa kalipa, akakereza silinda mbili ndogo za nailoni nyeupe. Mfuo wa V haukutoka kwenye mashine. Ulikatwa kwa mkono, kwa tupa ya pembe tatu, kisha ukasuguliwa kwa msasa laini uliolowekwa maji mpaka ukang'aa.

Nilivishika mkononi kabla havijafungwa. Vidogo! Unaweza kuvipoteza kwenye nyufa za sakafu. Lakini fundi alijua anachofanya, kwa sababu mifuo yote miwili ilikuwa na kina sawa, na hilo ndilo jambo lenyewe. Kimoja kikizidi, mkono unalala upande mmoja na sindano inasimama kwenye santuri ikiwa imeinama. Vilipofungwa, nikapuliza mkono kwa pumzi. Ukaelea, ukapanda, ukashuka, ukatulia. Hakuna kukwama, hakuna kuchezacheza.

Na hapa nailoni inaushinda mpira wa asili kabisa. Mpira ulikuwa laini, kwa hiyo makali ya mkono yalikuwa na nafasi ya kunesanesa kila sauti nzito ilipopita. Nailoni ni ngumu zaidi. Inashika makali mahali pake bila kuyala. Watengenezaji wengine duniani wanatumia shaba au plastiki ngumu zaidi kwa kazi hii, na kila kimoja kina wapenzi wake. Mimi nimesikia ya nailoni, na nimeridhika.

Kigurudumu kilichorudi kuwa duara

Mpira wa kigurudumu haukuwa umekufa, ulikuwa umepoteza umbo. Fundi alikifunga kwenye mashine ya kukereza, kwenye kishikio alichokikereza kwa ajili ya tundu lake, akakizungusha taratibu na kukisugua kwa msasa mpaka bapa likaisha na ukingo wote ukawa duara moja safi.

Nilijiuliza, je, kwa kuwa kigurudumu sasa kimepungua kipenyo, mwendo wa santuri hautabadilika? Jibu ni hapana, na ukilifikiri utafurahi kama nilivyofurahi. Kigurudumu hiki kinapokea mwendo kwenye ukingo wake na kuutoa kwenye ukingo huo huo. Kiwe kikubwa au kidogo, mwendo unaotoka kwenye koni ya mota ndio unaofika kwenye sinia. Ukubwa wake hauhesabiki. Uduara wake ndio unaohesabika! Walioibuni mashine hii walimwachia fundi wa kesho mlango wazi: unaweza kusugua mpira bila hofu ya kuharibu mwendo.

Mwendo wenyewe tuliupima kwa njia mbili. Ya kwanza ni duara la karatasi lenye mistari 180 sawasawa, linalowekwa juu ya sinia chini ya taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa ya nyuzi au ya tyubu inapepesa mara 100 kwa sekunde, na katika mwendo wa mizunguko 33 na theluthi mistari ile huonekana imesimama kimya. Taa nyingi za LED hazipepesi hivyo, basi tafuta tyubu ya zamani. Ya pili haihitaji kitu: bandika alama kwenye ukingo wa sinia, shika saa, hesabu. Mizunguko 33 na theluthi kwa dakika ni mizunguko 100 kamili kwa dakika 3. Mwalimu alihesabu kwa sauti kama yuko darasani, na dakika ya tatu ilipotimia alikuwa ametamka mia moja.

Mhimili na ile gololi

Hapa sikai sana kwa sababu kazi ilikuwa rahisi. Sinia la GL75 ni zito, kilo nne hivi, na uzito wote unabebwa na gololi moja chini ya mhimili. Mhimili ulisafishwa kwa mafuta ya taa, kitako kilichochimbika kikakerezwa kipya, gololi ikabadilishwa, mafuta mepesi ya mashine yakatiwa. Ukilisukuma sinia kwa kidole bila mota, linazunguka na kuzunguka na kuzunguka. Utadhani limesahau kusimama!

Kasha: mninga juu, matale chini

Sasa tuje kwenye urembo. Lo! Kasha jipya ni mbao za mninga zilizounganishwa kwa gundi na kubanwa tabaka kwa tabaka, zikatobolewa ndani kufuata umbo la mota na mkono, kisha zikapigwa randa na kupakwa mafuta. Rangi yake ya kahawia yenye mistari ya wekundu inaendana na udongo wa Irangi ulio nje ya dirisha. Lakini mninga haukuchaguliwa kwa sura. Ni mti usiosinyaa wala kupinda sana ukikauka, na katika nyanda hizi, ambako kiangazi kinafyonza maji kutoka kila kitu, sifa hiyo ni dhahabu. Kasha likipinda, mashine inapinda, na mkono hauwezi tena kukaa mlalo.

Chini ya kasha limelala bamba la matale, masalio ya kaunta ya jikoni yaliyopatikana kwa mafundi wa mawe Dodoma. Niseme wazi kwa ajili ya watakaovutiwa: mawe ya milima ya Kolo ni urithi unaolindwa, na hakuna aliyeyagusa wala anayepaswa kuyagusa. Masalio ya kaunta yanatosha na kuzidi. Kazi ya jiwe ni kuwa zito na kukaa kimya. Mota inapotetema, mtetemo unaingia kwenye mbao nene, unafika kwenye jiwe, unakufa. Wapenzi wa mashine za aina hii Ulaya hutumia mawe vilevile, hasa yale yanayopasuka kwa matabaka bapa, na sasa naelewa sababu.

Bati la juu la mashine, lililokuwa likilia ting ukiligonga kwa ukucha, limefungwa moja kwa moja kwenye mbao, na zile springi za zamani zimewekwa kando. Ligonge sasa. Linasema du, halafu basi.

Zulia la ngozi na kitovu cha mpingo

Hivi viwili vimenichekesha kwa furaha. Zulia la mpira lililokuwa juu ya sinia lilikuwa limekauka na kupanda kingo. Mahali pake sasa pamewekwa duara la ngozi ya ng'ombe, upande laini chini, upande wenye manyoya mafupi juu. Katika nchi ya wafugaji kitu gani kingekuwa rahisi kupatikana kuliko hiki? Ngozi haikusanyi umeme tuli kama mpira, kwa hiyo santuri hainyanyui vumbi inapoondolewa. Angalizo moja: ngozi ilizidi unene wa mpira kidogo, ikabidi mkono uinuliwe kwa kiasi hicho hicho ili ukae mlalo. Ukibadilisha zulia, pima tena mkono.

Kitovu ni kile kidude cha katikati kinachowezesha santuri ya 45 yenye tundu pana kukaa kwenye msumari mwembamba wa mashine. Tundu hilo lina milimita 38. Kitovu hiki kimekerezwa kwa mpingo, mti mzito kiasi kwamba unazama majini, mti ule ule unaotengenezewa klarineti duniani kote. Ni cheusi, kina ubaridi wa chuma, na kinaingia kwenye santuri bila kubana wala kulegea. Nimeona vitovu vya alumini vilivyong'arishwa vikiuzwa kama vito. Nakichagua hiki bila kufikiri mara mbili.

Tulipoiwasha

"Mwanangu, usiweke sindano bado," mwalimu aliniambia nilipokuwa nimeshasogea. "Iache ipate moto kwanza."

"Sawa, mwalimu."

Ana haki. Mafuta ya mota na ya mhimili yanahitaji muda kulainika, na mwendo hutulia baada ya dakika kadhaa. Tukasubiri. Fundi seremala aliyetengeneza kasha naye alikuwa amekuja, kofia mkononi, akaketi karibu na mlango.

Ya kwanza ilikuwa santuri ya 45 ya Morogoro Jazz, enzi za Mbaraka Mwinshehe. Jamani! Gitaa la solo lilitoka likiwa limesimama peke yake mbele ya bendi, kila uzi na nafasi yake, na chini yake besi likitembea bila kuyumba. Bendi hii ilisafiri hadi Japani mwaka 1970 kwenye maonyesho ya Expo huko Osaka, na ukisikia gitaa lile kwenye mashine iliyotulia unaelewa kwa nini ilichaguliwa kwenda. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri. Nyimbo nyingi za bendi zetu zilikwenda kuchapwa Nairobi, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo ikaziba. Ndiyo maana kila santuri ndogo iliyobaki kwenye kabati la mtu ni mali. Na ndiyo maana mkono unaoyumba ni hatari: unaweza kuchimba mfuo na kufuta kile ambacho hakitachapwa tena.

Ya pili ilikuwa santuri kubwa, Tanzania Yetu, iliyotolewa Uingereza mwaka 1985, yenye muziki wa Hukwe Zawose na wenzake. Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyezaliwa 1938 na kufariki 2003, alikuwa fundi wa ilimba na zeze na mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Huu ndio mtihani wenyewe! Ilimba lina ndimi za chuma, na pamoja na kila noti unakuja mvumo mwembamba uliowekwa makusudi. Mashine mbovu inauchanganya mvumo huo na mngurumo wake yenyewe, usijue kipi ni muziki na kipi ni ugonjwa. GL75 hii ilivitenganisha. Nyuma ya ilimba palikuwa kimya, na mvumo ukasikika kama sehemu ya muziki. Nikaomba upande ule urudiwe. Ukarudiwa.

Ya tatu ilikuwa shelaki, taarabu ya zamani, lebo yake imefifia haisomeki. Hapa sindano ilibadilishwa kwanza, na msomaji usiruke hatua hii. Sindano ya santuri za plastiki ina ncha yenye nusu kipenyo cha takriban mikromita 18. Mfuo wa shelaki ni mpana na unataka ncha ya mikromita 70 hivi. Ukitumia ile nyembamba inalala chini ya mfuo, inazoa uchafu na haisomi kuta zenye sauti. Wenzo ukasogezwa hadi 78. Mikwaruzo ilikuwepo, hiyo ni umri. Lakini sauti ya mwimbaji ilikuwa juu kidogo kupita kawaida, yenye wembamba wa haraka. Mwalimu akasogeza wenzo nyuma taratibu, kidogo, kidogo tena, na ghafla mwimbaji akawa mtu mzima, fidla zikatulia, dufu likapata uzito. Seremala pale mlangoni akasema, "Sasa ndiye yeye." Mashine gani ya dukani leo itakufanyia hivi?

Yasiyokamilika bado

Mtazamo wa kwanza lazima useme na haya. Kuna mvumo mdogo wa umeme ukiinua sauti sana. Waya wa ethi unahitaji kuunganishwa upya kati ya mkono na amplifaya. Wenzo wa kuinua mkono unashuka haraka kuliko ninavyopenda, unahitaji mafuta mazito zaidi ndani yake. Na nailoni ya vishikizo itaangaliwa baada ya muda, ingawa ikichoka fimbo ipo na fundi yupo.

Sindano ndiyo kipuri pekee kisichotengenezeka karakana ya mtaani. Hiyo utainunua, na ununue halisi. Usibane matumizi hapo, kwa sababu sindano mbovu inaharibu santuri ambayo huwezi kuirudisha.

Kuhusu umeme: kwa anayetumia sola, chagua inveta inayotoa wimbi safi. Inveta za bei nafuu zenye wimbi la ngazi huifanya mota ya aina hii ivume na kupata joto. Na kama mashine yako ililetwa kutoka Marekani, kumbuka imeundwa kwa volti 120 na hezi 60. Hata ukiitafutia transfoma ya volti, kwa hezi zetu 50 itazunguka polepole kwa moja ya sita. Kwenye GL75 wenzo unakuruhusu kufidia. Kwenye nyingine nyingi itabidi koni au puli ikerezwe upya.

Na vumbi! Kiangazi cha Irangi kinaingiza vumbi jekundu kupitia kila tundu. Kila santuri ipigwe brashi kabla ya kucheza, na mashine ifunikwe. Santuri za plastiki zioshwe kwa yale maji safi ya kuongezea betri, si asidi, na tone la sabuni laini. Shelaki usiiguse na spiriti hata siku moja, maana spiriti inaiyeyusha.

Hukumu

Nimewahi kusikia mashine za gharama kubwa, na sisemi GL75 ya Kolo inazishinda zote. Nasema hivi: hakuna hata kipuri kimoja kati ya vile vilivyotengenezwa upya ambacho kimekuwa duni kuliko cha asili. Vishikizo vya nailoni ni bora kuliko mpira. Kasha la mninga na matale ni bora kwa mbali kuliko lile la zamani. Kigurudumu kiko sawa na kipya. Kitovu cha mpingo hakina mshindani. Yote hayo kwa ujuzi wa mkereza vyuma anayetengeneza bushi za malori na seremala anayetengeneza vitanda na madirisha.

Kwa hiyo, kama nyumbani kwa babu au shangazi kuna mashine ya santuri imefunikwa kitambaa, msimpe mnunuzi wa vyuma chakavu. Ifungueni. Tazameni mkono, tazameni mpira, tieni mafuta. Kusanyeni vipande vilivyovunjika kwenye bahasha, hata vikiwa vumbi, kwa sababu fundi atavipima. Kisha nendeni kwenye karakana ya kukereza iliyo karibu nanyi, na mzipeleke santuri siku ya kujaribu, ili fundi naye asikie alichokitengeneza.